Trekta Ndefu na Mguu wa Mzee

Trekta ile niliichagua mimi. Mwaka mzima nilikuwa nasema "tuliichagua", mimi na mzee, na kila nikilitamka hilo "tu" linanikwaruza koo. Mzee alikuwepo, ndiyo. Lakini aliyekuwa na kijitabu ni mimi, aliyekuwa na mdomo ni mimi, na aliyegombana na fundi ni mimi pia. Kwa hiyo leo nasema niliichagua, na anayetaka kunicheka anicheke.

Tulikuwa watu saba kwenye bustani ya memsahib mmoja mjane, huko juu ya Sekei. Alikuwa na nyumba ya kulaza wageni wa Kizungu, vyumba vyake vimepangwa juu ya mteremko ili wageni waamke waone mji na mbuga za kule chini. Mteremko wenyewe wote ni majani, na majani ya Meru unayajua, mvua ikinyesha usiku mmoja tu yameshapanda kifundo cha mguu. Tulikuwa tunayafyeka kwa fyekeo, watu saba kwa mstari, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumatatu nyingine mnaanza palepale mlipoanza.

Mkubwa wetu alikuwa huyo mzee. Si baba yangu wala si mjomba wangu, mimi na yeye hata ukoo hatuchangii. Lakini mimi kabla ya hapo nilikuwa nimefukuzwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa fundi magari, kwa sababu karani wake aliniita mshamba nikamshika koo. Mara ya pili kwenye shamba la kahawa, nilimwambia nyapara kwamba punda ana akili kumshinda. Watu wakanijua mji mzima. Nikaenda kusimama kwenye geti la memsahib bila matumaini, mzee akatoka, akaniuliza ni mimi yule wa punda. Nikasema ni mimi. Akacheka mpaka akashika mti, akaingia ndani akamwambia memsahib, "Huyu ana kelele, lakini haibi." Nikapata kazi. Tangu siku hiyo mtu akimsema mzee vibaya mbele yangu namshika shati kabla hajamaliza. Ndiyo maana haya ninayoyasema yananiuma hivi. Kama angekuwa mtu mwingine, pengine ningeshasahau.

Basi mwaka ule memsahib akatuita kibarazani, akasema amechoka na fyekeo, anataka trekta ndogo ya kuvuta mashine ya kukata majani, kuvuta tela la mbolea na kusawazisha njia ya magari. Trekta ikija, mmoja wetu ataiendesha na kulipwa kama dereva. Wanne watabaki kwenye maua, ua wa miti na reki. Wengine watafute kazi kwingine.

Mzee ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote, magoti yake yalishaanza kulia, na kila mtu alijua kwamba kama si dereva, yeye ndiye wa kwanza kwenda. Nikasimama nikasema dereva ni mzee, na atakayebisha aje aniambie mimi. Hakuna aliyebisha. Memsahib akauliza kama mzee anajua kuendesha. Mzee akasema wakati wa vita aliendesha lori la jeshi, na hilo lilikuwa kweli, ingawa lilikuwa la zamani. Kule kwao, mbele ya Moshono upande wa Wameru, hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kushika usukani. Walikuwa wanamwita Dereva hata alipokuwa anachunga ng'ombe.

Memsahib yeye mashine hazijui. Akaandika barua kwa fundi mmoja Singasinga mwenye karakana kwenye barabara ya Nairobi, akatupa mkononi, akasema yule fundi ana trekta ndogo mbili zilizotumika, bei zake hazipishani sana, tukachague ile tutakayoiweza. Mimi nikatumwa kwa sababu ya kusoma. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na Kiingereza nilikiokota kwenye vitabu vya mashine pale kwa yule fundi magari aliyenifukuza. Nikiona neno nisilolijua naliruka, naendelea, na mwisho naelewa. Au nadhani nimeelewa.

Tukatelemka asubuhi. Karakana ilikuwa uwanja mpana wenye mafuta meusi chini, na trekta mbili zimesimama mbele, zote zimepakwa rangi upya. Moja ilikuwa fupi na pana, imekaa chini, tairi zimetanuka. Nyingine ilikuwa ndefu na nyembamba, kiti kiko juu, bomba la moshi limesimama kama kidole.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye ile fupi. Akaizunguka, akaisukuma kwa bega kama mtu anayejaribu dume la kununua.

"Hii imekaa kama ng'ombe mwenye mimba," akasema. "Haitikisiki."

Mimi nikamwambia hatukuja kununua ng'ombe. Nilikuwa na kamba mfukoni, nimeipiga fundo kwa upana wa nafasi iliyopo kati ya ua wa miti, pale pa kuingilia bustani ya chini. Nikaipima ile fupi, ikazidi fundo. Nikaipima ndefu, ikapita na nafasi ikabaki. Nikamwonyesha mzee ile kamba kama hakimu anayetoa hukumu. Halafu nikamwambia apande kwenye kiti cha ile ndefu. Akapanda. Na hapa niseme ukweli wote: alipokaa kule juu, kofia yake ya zamani kichwani na mikono kwenye usukani, alionekana mtu. Watu waliokuwa wanapita barabarani waligeuka kumtazama. Nikafikiri, nyinyi wote mliomwona akiinama na fyekeo, sasa mtamtazama huku mmeinua shingo. Pale pale nilikuwa nimeshachagua. Kamba ilikuwa kisingizio.

Nikafungua kijitabu cha ile ndefu nikaanza kusoma kwa sauti, maana fundi alikuwa amekuja kusimama karibu na nilitaka ajue anaongea na nani. Kulikuwa na ukurasa mmoja wenye picha ya magurudumu na mishale inayoelekea nje. Maneno yake yalikuwa magumu, nikauruka.

Fundi alikuwa mtu mzima, ndevu amezifunga vizuri, mikono myeusi kwa grisi. Akaniuliza, "Wewe nataka trekta ya kupanda?"

"Sisi hatupandi," nikasema. "Sisi tunakata majani."

"Pale kwa memsahib hapana panda?"

"Hatupandi kitu. Kuna mahindi pale? Kuna ngano?"

Akanitazama, akamtazama mzee. Akaenda kuipiga kofi ile fupi. "Hii napanda muzuri sana. Ile refu kupanda hapana muzuri."

Mimi damu ikaanza kupanda kichwani. Niliona anataka kutuuzia ile iliyomshinda kuuza. Nikamwambia nimeshasema mara tatu sisi ni watu wa majani, sasa yeye anatuletea habari za mbegu, kwani amewahi kuona mtu anayepanda majani ili ayafyeke? Vibarua wake wawili wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, nadhani hakunifuata, lakini mimi nikaona ananicheka mimi. Nikamwambia, "Jifunze Kiswahili kwanza, ndipo uuze mashine."

Akaacha kucheka. Akasema basi, kama ni majani tu, refu ni sawa, italetwa kesho. Akageuka akaingia kwenye karakana yake.

Mzee alikuwa bado juu ya kiti, anamtazama fundi anavyokwenda.

Tukarudi kwa miguu. Tulipoanza kukwea ile njia ya kwenda Sekei, mzee akasimama katikati, akashika goti, akapumua, akasema, "Kupanda huku kutanimaliza."

Nikasimama na mimi. Nakumbuka masikio yangu yalivyopata moto, moto wa kweli kama nimezabwa. Kupanda. Yule mtu hakuwa na habari ya mbegu. Alikuwa anauliza mlima. Alikuwa anauliza kama kwa memsahib kuna mteremko, maana ile ndefu mlimani inaweza kulala ubavu, na mimi nimemwambia mara tatu kwamba hakuna. Sisi huku Kiswahili tumekikuta ukubwani, nyumbani tunasema Kimeru, na kwetu kupanda mbegu na kupanda mlima ni maneno mawili yasiyojuana. Kwenye Kiswahili ni neno moja linalofanya kazi mbili, na mimi niliyemwambia mwenzangu akajifunze ndiye niliyeshika kazi isiyokuwa yake.

Ilikuwa bado mchana. Karakana ilikuwa haijawa mbali. Tungeweza kugeuka, nikasema, "Fundi, samahani, nilikuelewa vibaya," basi, maneno manne. Nilifikiria uso wake. Nilifikiria wale vibarua wawili. Nikamwambia mzee, "Twende, jua linachoma."

Trekta ikaja kesho yake. Mzee siku mbili za kwanza aliiogopa gia ya pili, siku ya tatu akaizoea, na baada ya wiki alikuwa anakata majani kwa mistari iliyonyooka kuliko ya mashine ya kushonea. Wageni walimpiga picha. Kutoka kwao wakawa wanakuja watu Jumamosi kusimama nje ya ua wamtazame. Mimi nilikuwa nakusanya majani nyuma yake kwa reki, na kila akikata kwa kukingama mteremko, badala ya kwenda juu na chini, nilikuwa naacha reki nalitazama gurudumu la chini. Lakini siku zinapita bila kitu, unaanza kujiambia labda fundi alikuwa mwoga tu. Siku zikapita, nikajiambia hivyo.

Mvua za masika zilipolainisha ardhi, gurudumu la chini likaingia kwenye shimo la fuko. Niliona trekta inainama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Mzee aliruka upande wa juu, na karibu afike salama. Mguu mmoja haukufika.

Tuliinua mashine kwa magogo, tukimwita Mungu kwa Kimeru, kwa Kimaasai, kwa kila lugha. Memsahib alikuja mbio na gauni la asubuhi. Akauliza nini kimetokea. Mzee amelala kwenye majani, uso umekuwa kijivu, akasema, "Nimekosea mimi, memsahib. Nimegeuza vibaya."

Nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili. Mimi mwenye mdomo. Nikainama nikashika gogo.

Alikaa hospitali miezi miwili. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, wayo umetazama nje. Memsahib alimpa mshahara wa miezi ya nyuma na blanketi mbili, akamwambia apumzike nyumbani. Nafasi ya dereva akanipa mimi, maana nilikuwa kila siku nyuma ya ile mashine na nilikuwa najua gia zote. Nikaichukua. Nilijiambia kwamba nikiikataa atapewa mtu mwingine ambaye hata hamjui mzee. Tazama uongo unavyojua kuvaa nguo nzuri.

Kabla sijaanza, trekta ilibidi irudi kwa yule fundi kunyooshwa. Nikatumwa niende nayo. Sikuweza kukataa, ningesema nini? Fundi aliitazama ilivyokunjika ubavuni, kisha akanitazama.

"Nani napanda na hii?"

Nikamwambia yule mzee niliyekuja naye. Akauliza kama amekufa. Nikasema hapana, ni mguu. Akaita kibarua alete jeki. Wakaiinua, akafungua nati, akatoa gurudumu la nyuma, akaligeuza uso wa ndani ukawa nje, akalirudisha. La pili vilevile. Ya mbele akayavuta nje kwenye ekseli tundu mbili. Ile trekta ndefu ilisimama palepale imetanua miguu, pana karibu kama ile fupi. Ndicho kile kilichochorwa kwenye ukurasa niliouruka.

"Kazi ya asubuhi moja," akasema. "Bure mimi nafanya. Kwa nini wewe hapana rudi?"

Mpaka leo sijapata jibu ninaloweza kumwambia mtu aliyeshika spana. Nilirudi na trekta, tukakata ua wa miti futi moja kila upande ipite. Futi moja. Ile kamba yangu yenye fundo nilikuwa nimeichukulia kama sheria ya serikali.

Niliendesha wiki tatu. Haikutikisika hata mara moja. Hilo ndilo lililonishinda, kukaa kule juu salama.

Jumapili moja nikaenda kwa mzee baada ya ibada. Nilimkuta migombani, amekaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, anamenya ndizi za mtori. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za majani. Nikamwambia yote. Neno lile, barabara ile, magurudumu, asubuhi moja. Nilisema haraka kwa sababu nilijijua, nikipunguza mwendo nitageuka kuwa mwongo.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Nilimsikia yule fundi. Nilijua anasema mlima."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Wewe ndiye uliyekuwa na kitabu. Nikafikiri kitabu kimekwambia kitu ambacho mimi sikijui."

Nilitamani anipige. Ninajua kupigwa, nimepigwa na watu wengi, unaamka unajifuta. Nikaanza kulia na kusema nitamwacha memsahib, nitakuja kumlimia, nitamchungia ng'ombe mpaka nizeeke. Akainua kisu kile cha ndizi kuninyamazisha.

"Ng'ombe wana mchungaji. Unajua wananiitaje hapa? Dereva wa Matairi Juu. Jana mtoto wa dada yangu ameniita hivyo akidhani ni jina langu. Mimi niliendesha lori la jeshi wakati wa vita, sikupindua hata toroli. Na nimewaambia watu wote hawa kwamba nilikosea mimi, kwa sababu nilidhani nilikosea. Niligeuza vizuri siku ile?"

"Uligeuza vizuri, mzee."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile nilipolala pale chini nikasema nimekosea, ulijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo alipokasirika, na sikuwahi kumwona mzee amekasirika. Hakupaza sauti. Aliniambia kuhusu mguu hana la kusema, mguu ni shimo la fuko na mvua. Lakini jina lake nimelichukua nikiwa na akili zangu timamu, nikalikalia kama kiti. Akasema sitakunywa hata maji kwake mpaka niende nikaseme, kwa memsahib kwanza, mbele ya wenzangu, halafu nirudi niseme pale.

Nilisema Jumatatu asubuhi, wakati wa kupanga kazi. Memsahib Kiswahili chake ni kifupi, ikabidi nieleze mara mbili habari ya kupanda na kupanda, na mara ya pili mmoja wa wenzangu akaanza kucheka, akajizuia. Memsahib hakucheka. Aliuliza kama nilijua siku ileile. Nikasema ndiyo. Akatazama mteremko, akasema hana dereva mwingine, kwa hiyo nitaendesha, lakini kwa mshahara wa mtu wa fyekeo, na tofauti itapelekwa kwa mzee kila mwisho wa mwezi. Nilitaka kumshukuru, akainua mkono. Tangu hapo hanitumi tena kununua hata msumari.

Jioni yule aliyecheka akaniambia, "Na wewe ulikuwa unatushika mashati." Sikumgusa.

Jumapili nikarudi kwa mzee. Nilimkuta amewaita: mke wake, ndugu yake, majirani wawili wa kilabu cha pombe wanaomfanyia mizaha, na yule mtoto wa dada yake amekaa mbele. Nikasimama migombani nikasema. Nilipofika kwenye fundi nikajaribu kufupisha.

"Hapana," mzee akasema. "Sema vile ulivyomwambia. Neno kwa neno."

Nikasema neno kwa neno. Jirani mmoja akasema hakusikia vizuri sehemu ya barabarani. Nikairudia. Mzee alikuwa ametazama pembeni kwenye zizi, kama vile habari ni za mtu mwingine, lakini midomo yake ilikuwa inayafuata maneno yangu, ikinihesabia, ili nisiruke.